Mweko wa kwanza: Sakiti ndogo zinazofundisha elektroniki nyumbani

Simba walikuwa wakila ng'ombe wa familia ya Richard Turere, mvulana wa Kimaasai. Boma lao lilikuwa kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, upande wa kusini usio na uzio, ambako pundamilia hutoka kwenda malishoni na simba huwafuata. Kwa desturi ya Wamaasai, mvulana mdogo kama yeye ndiye mchungaji, hivyo usalama wa mifugo ulikuwa mzigo wake. Alijaribu moto, ukawamulikia simba njia ya zizini. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walirudi walikotoka, siku ya pili wakabaini kuwa kitu kile hakisogei. Usiku mmoja akawa anazunguka boma na tochi mkononi, na simba hawakutokea. Hapo akang'amua kuwa wanachokiogopa ni mwanga unaotembea.

Akatafuta betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola, swichi, balbu za tochi mbovu na kisanduku cha indiketa ya pikipiki. Mchana paneli ilichaji betri. Usiku balbu zilizofungwa kuzunguka boma, zikiangalia nje, ziliwaka na kuzima kana kwamba kuna mtu anatembea na tochi, ilhali kijana amelala. Majirani wakamwomba awafungie na wao. Februari 2013, akiwa na miaka 13, Turere alisimama mbele ya mkutano wa TED huko Long Beach, California, akaeleza kazi yake. Akataja pia alikoanzia: aliwahi kuifungua vipande vipande redio mpya ya mama yake, na mama hakufurahi hata kidogo.

Moyo wa mtambo ule ni kisanduku cha indiketa. Kazi yake ni moja tu, kukata umeme na kuurudisha kwa mpigo. Vya zamani hufanya hivyo kwa ukanda wa metali unaopata joto na kujikunja, vya siku hizi kwa sakiti ya kielektroniki. Sakiti ya aina hiyo mtu anaweza kuiunda mwenyewe juu ya meza ya sebuleni, kwa betri ya volti 9 na vipande vinavyoenea kiganjani. Kabla ya kuifikia atapitia sakiti nyingine mbili zilizo rahisi zaidi. Akizimaliza zote tatu, atakuwa ameshika misingi ambayo vitabu vingi huieleza kwa sura nzima nzima.

Taa moja, rezista moja

Sakiti ya kwanza ina betri, taa ndogo nyekundu ya LED na rezista, kipande kinachozuia mkondo usizidi. LED ina miguu miwili: mrefu huenda upande wa chanya, mfupi upande wa hasi. Ikigeuzwa haiwaki, kwa kuwa ni dayodi, na dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Ikiunganishwa moja kwa moja na betri ya volti 9 bila rezista, humulika kwa ghafla kisha hufa. Mafundi wengi wameua LED kadhaa kwa njia hiyo, na hasara yake ni ndogo kiasi cha kustahili kuitwa ada ya somo.

Somo lenyewe lina karibu miaka 200. Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa shule mjini Cologne, Ujerumani, alipopima kwa subira jinsi mkondo wa umeme unavyopungua kadiri waya unavyorefuka. Mwaka 1827 alichapisha kitabu chenye kanuni inayobeba jina lake: volti ni sawa na mkondo mara ukinzani. Wasomi wa nchi yake walikipokea kwa ubaridi hata akajiuzulu kazi. Heshima ilimfikia kwanza kutoka nje, pale Jumuiya ya Kifalme ya London ilipomtunukia Nishani ya Copley mwaka 1841.

Kanuni hiyo ndiyo inayookoa LED. Taa nyekundu hutumia karibu volti 2. Betri inatoa 9, kwa hiyo volti 7 zilizobaki lazima zibebwe na rezista. LED nyingi ndogo hazipendi mkondo uliozidi miliampia 20, yaani sehemu 2 kwa 100 za ampia. Saba gawanya kwa 0.02 ni 350: rezista isipungue ohmu hizo. Rezista ya ohmu 470, inayopatikana kila duka la vipuri, huipa taa karibu miliampia 15: inang'aa vizuri na inadumu. Namba hiyo haikuandikwa kwenye rezista, imechorwa kwa rangi. Njano ni 4, zambarau ni 7, na kahawia ya tatu inasema ongeza sifuri moja.

Mwanafunzi akibadilisha taa nyekundu kwa ya buluu, hesabu nayo inabadilika, maana ya buluu huhitaji karibu volti 3. Tofauti hiyo ndogo ina historia ndefu. LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962. Ya buluu yenye mwanga wa kutosha iliwasumbua watafiti hadi miaka ya 1990, na wazaliwa wa Japani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Bila ya buluu, balbu nyeupe za LED zinazomulika vyumba leo zisingekuwepo, kwa kuwa nyingi kati yake ni LED za buluu zilizopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa njano.

Taa inayojua giza

Sakiti ya pili inawasha taa yenyewe giza likiingia. Hapa wanaongezeka wageni wawili. Wa kwanza ni rezista ya mwanga, kidude bapa chenye mistari ya kupindapinda usoni. Juani ukinzani wake hushuka, gizani hupanda hadi mamia ya maelfu ya ohmu. Wa pili ni transista.

Transista ina miguu mitatu na hufanya kazi kubwa kuliko umbo lake. Mkondo mdogo unaoingia kwenye mguu mmoja, uitwao besi, huruhusu mkondo mkubwa upite kati ya ile mingine miwili, kolekta na emita. Desemba 1947, katika maabara za Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain waliionyesha kwa mara ya kwanza kwa kipande cha jemaniamu. Wao na kiongozi wao William Shockley walipata Nobel mwaka 1956. Redio ndogo za betri zilizoingia vijijini Afrika Mashariki miaka ya 1960, zikapeleka taarifa ya habari na muziki mahali pasipo na nguzo ya umeme, ziliwezekana kwa sababu ya transista.

Juu ya meza, transista ya kawaida kama BC547 inatosha. Rezista ya ohmu 100,000 inatoka kwenye chanya hadi besi, na rezista ya mwanga inatoka besi hadi hasi. Taa yenye rezista yake ya ohmu 470 inakaa kati ya chanya na mguu wa kolekta, na mguu wa emita unakwenda hasi. Mchana rezista ya mwanga hupitisha umeme kwa urahisi na kuunyima mguu wa besi. Ikifunikwa kwa kiganja, umeme hukosa njia hiyo, huelekea besi, na taa inawaka. Mkondo unaotoa amri haufiki sehemu moja kwa kumi ya miliampia, lakini unaoitii unazidi miliampia 10.

Taa za barabarani zinazojiwasha magharibi hutegemea wazo hilohilo. Aliyeunda sakiti hii hupita chini ya nguzo hizo akijua kinachoendelea juu, tena anaweza kueleza kwa nini nyingine huwaka mchana kweupe: kioo cha kihisio kikishachafuka, sakiti inaamini usiku umeingia.

Mweko unaogeuka sauti

Sakiti ya tatu ndiyo yenye mweko. Inaweza kuundwa kwa transista mbili zinazopokezana zamu, lakini wanaoanza wengi hutumia chipu yenye miguu minane inayoitwa 555. Mbunifu wake ni Hans Camenzind, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyeichora mwaka 1971 huko California akifanya kazi ya mkataba kwa kampuni ya Signetics, ikaingia sokoni mwaka 1972. Zaidi ya miaka 50 baadaye bado inatengenezwa na kampuni mbalimbali, na bado ni miongoni mwa chipu za bei rahisi kabisa dukani.

Anayeiongoza 555 ni kapasita. Hiyo ni kama ndoo iliyo chini ya bomba: rezista ndiyo koki inayoamua ijae haraka au polepole. Chipu inaitazama bila kuchoka. Umeme ndani ya kapasita ukifika theluthi mbili za volti za betri, chipu inazima taa na kuanza kuimwaga kapasita. Ukishuka hadi theluthi moja, inaiwasha taa tena na kuruhusu kapasita ijae. Kwa betri ya volti 9, mipaka hiyo ni volti 6 na volti 3.

Kwa rezista ya ohmu 1,000, nyingine ya ohmu 68,000 na kapasita ya maikrofaradi 10, taa huwaka na kuzima mara moja hivi kila sekunde. Mchezo wenyewe unaanza pale kapasita inapobadilishwa. Ikiwekwa ya maikrofaradi 100, mweko unakuwa mzito: takriban sekunde tano taa inawaka, tano imezima. Mtu akigusisha mita kwenye kapasita wakati huo ataona namba zikipanda kutoka 3 kuelekea 6, taa ikazimika, kisha zikishuka. Jambo ambalo ubaoni ni mchoro wa mstari uliopinda, hapa linasomeka kwa macho, hatua kwa hatua.

Kisha iwekwe kapasita ndogo, ya maikrofaradi 0.1. Taa inaonekana kutulia, haimweki tena. Kumbe inawaka na kuzima zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na jicho limeshindwa kufuata. Ithibati iko sikioni: taa ikiondolewa na mahali pake ikawekwa spika ndogo, kupitia kapasita ya maikrofaradi 10 na rezista ya ohmu 100, mngurumo unasikika. Kapasita ikipunguzwa tena hadi maikrofaradi 0.01, mngurumo unapanda kuwa mlio mkali wa mizunguko kama 1,000 kwa sekunde. Hakuna sehemu nyingine ya mpangilio iliyoguswa. Katika dakika chache mtoto wa darasa la saba anakuwa ametoka kwenye indiketa ya pikipiki hadi kengele ya mlangoni, na ameelewa kwa mikono yake maana ya masafa.

Inapogoma

Mara nyingi sakiti ya kwanza haiwaki, na hapo ndipo elektroniki inapojifunzwa kwa kweli. Bredibodi, ubao wa plastiki wenye matundu yaliyounganishwa kwa vipande vya metali chini yake, hurahisisha kuunda bila kulehemu, lakini ina mitego yake. Miguu miwili ya kifaa ikichomekwa katika mstari mmoja wa matundu, imeunganishwa na umeme unaruka kifaa chenyewe. Waya ukiwa umelegea ndani ya tundu, taa inawaka ubao ukiguswa tu.

Mafundi redio wana utaratibu unaofaa kuigwa. Wanaanza na umeme unaoingia: betri ina volti ngapi kweli? Wanasogea hatua moja: je, volti hizo zinafika kwenye mguu wa chipu? Kisha hatua nyingine, hadi umeme unapopotea. Mita ya kidijitali ya bei nafuu, ile ambayo wengi wao huiita testa, inatosha kwa kazi yote hiyo. Ile sehemu yake inayolia waya ukiwa mzima humaliza ubishi mwingi, na pia hufichua shoti kabla betri haijachemka. Mwanafunzi anayebahatisha kwa kubadilisha kila kitu kwa pamoja anaweza kuiwasha taa asijue kilichokuwa kibovu.

Wasio na vifaa bado wanaweza kuanza. Tinkercad, programu isiyolipiwa inayofunguka kwenye kivinjari, ina bredibodi, LED, 555 na mita za kuchora, na hata huonyesha LED iliyounguzwa kwa kukosa rezista. Ni mahali pazuri pa kujaribia mpangilio kabla ya kutoa fedha mfukoni. Haina waya uliolegea wala betri iliyochoka, kwa hiyo haimalizi kazi.

Vipuri viko karibu

Dar es Salaam wengi huanzia Kariakoo, Nairobi ni Luthuli Avenue. Kwenye miji midogo, fundi redio wa sokoni huwa na kopo lililojaa rezista na transista alizong'oa kwenye bodi mbovu, na kijana anayekaa naye Jumamosi mbili tatu huondoka na vipuri pamoja na maarifa.

Taka zenyewe ni ghala. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kuwa imekusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Redio iliyokufa ina spika, swichi, kapasita na rezista nzima kwa makumi. Taa ya sola iliyotupwa ina LED nyeupe, na aghalabu kilichokufa ni betri yake tu. Kichezeo kibovu kina mota na kibebeo cha betri.

Mmalawi William Kamkwamba alipitia njia hiyo. Kabla ya kujulikana kwa kinu chake cha upepo, yeye na binamu yake Geoffrey walikuwa wakitengeneza redio za wanakijiji, na kwa kukosa chuma cha kulehemia walichoma waya mnene kwenye moto wa jikoni hadi ukawa mwekundu, wakaunganishia nao. Njaa ya mwaka 2002 na ada vilimtoa shule, akajisomea kwenye maktaba ndogo ya Wimbe. Kinu kilipoanza kuwasha taa za nyumba yao aliogopa waya zisije zikaunguza paa la nyasi, akaunda kikata umeme kwa misumari, waya na sumaku, akifuata wazo la kengele ya mlangoni aliloliona kitabuni. Juni 2007 alialikwa Arusha, kwenye mkutano wa TEDGlobal, na huko ndiko dunia ilikoanza kumfahamu.

Shuleni, Tanzania imekuwa ikifundisha dayodi na transista katika fizikia ya kidato cha nne. Mwanafunzi anaweza kuchora alama ya transista bila kosa kwenye karatasi ya mtihani na asiitambue ikiwa mezani. Mashindano kama Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011, yameonyesha kuwa wanafunzi wakipewa nafasi huleta vitu vinavyofanya kazi. Klabu ya sayansi yenye bredibodi tano na pakiti moja ya LED inaweza kuziba sehemu kubwa ya pengo hilo, kwa sababu vipuri hivi havitumiki vikaisha: vinang'olewa na kutumika na darasa linalofuata.

Wengi wakishazoea 555 huhamia Arduino, bodi ndogo inayopangiwa kazi kwa programu, iliyozaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia. Ni hatua nzuri, ila haiondoi hitaji la misingi. Arduino nayo huwasha LED kupitia rezista, na kwa kazi kama kuendesha mota huhitaji transista. Anayeruka sakiti ndogo hukwama hapo, akiwa na programu sahihi na taa isiyowaka.

Mipaka ya usalama

Betri ya volti 9 haimrushi mtu. Umeme wa ukutani, volti 230, unaua, na hauna nafasi katika burudani hii kwa anayeanza. Chaja ya simu na runinga zisifunguliwe kwa pupa hata zikiwa zimechomolewa, kwani kapasita iliyo upande wa umeme wa ukutani hufikia volti zaidi ya 300 na inaweza kuzishikilia kwa muda. Betri ya gari hairushi kwa volti zake 12, lakini ikipigwa shoti hutoa mkondo wa kuyeyusha waya, kwa hiyo fyuzi ni lazima. Betri ya lithiamu ya simu isitobolewe wala kupigwa shoti, huwaka moto. Kapasita yenye alama ya hasi ubavuni ikigeuzwa hufura na hata kupasuka. Siku ya kulehemu ikifika, dirisha liwe wazi na mikono ioshwe kabla ya kula, maana risasi nyingi za kulehemia zina madini ya risasi yenye sumu.

Atakayepita dukani wikiendi hii aombe bredibodi moja, betri ya volti 9 na kishikizo chake, LED tano nyekundu, rezista kumi za ohmu 470 na mbili mbili za ohmu 100, 1,000, 68,000 na 100,000. Aongeze transista BC547 mbili, rezista ya mwanga moja, chipu ya 555 moja, kapasita za maikrofaradi 0.01, 0.1 na 100 moja moja, za maikrofaradi 10 mbili, na waya nyembamba za rangi. Spika atainyofoa kwenye redio mbovu. Bei hutofautiana sana kati ya duka na duka, kwa hiyo aulize angalau mawili kabla ya kulipa, na mita ya kidijitali ndiyo iwe kifaa cha kwanza atakachoongeza fedha ikipatikana.